Matone mazuri, karatasi ya maelezo ovyo

Sikio langu la kulia liliziba asubuhi moja nilipotoka kuoga. Halikuuma. Liliziba tu, sauti yangu mwenyewe ikawa inavuma kichwani kana kwamba naongea ndani ya mtungi. Kosa ni langu: mimi ni mtu wa vijiti vya pamba tangu zamani, na kumbe kila nilipochokonoa nilikuwa naishindilia nta ndani, wakati ikiachwa hutoka yenyewe pole pole.

Kifurushi nilichonunua kina vitu viwili: kichupa cha matone ya sodiamu baikaboneti ya kulainishia nta, na kipira cha kubinya cha kuoshea sikio.

Matone sina ugomvi nayo. Unalala ubavu, unadondoshea, unatulia dakika tano. Siku ya pili nikawa sisikii kabisa, nikadhani nimejimaliza. Kumbe nta ikilowa huweza kuvimba kabla ya kulegea. Karatasi ya maelezo haisemi. Nikavumilia hadi siku ya tano.

Kipira ndicho kilichonitia adabu. Karatasi inasema “tumia maji safi”, basi. Nikakinga ya bombani, ya baridi, nikabinya. Bafu zima likazunguka, nikang'ang'ania sinki kwa mikono miwili. Maji ya baridi, na ya moto vilevile, hukivuruga kile kiungo cha ndani ya sikio kinachotupa mizani. Yanatakiwa yalingane na joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Kesho yake nikayapasha, nikavuta sikio juu na nyuma kidogo, nikaelekeza maji ukutani mwa tundu, si moja kwa moja ndani, tena kwa kubinya taratibu. Mara ya tatu kitu kikadondoka kwenye bakuli: kibonge cha hudhurungi, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Papo hapo nikaanza kusikia saa ya ukutani. (Nilikitazama muda mrefu kuliko inavyostahili.)

Kama kiwambo cha sikio lako kiliwahi kutoboka, au ulifanyiwa upasuaji wa sikio, au linatoa usaha, usikiguse hiki kipira. Nenda kwa daktari wa masikio. Wao wana mashine ya kufyonza nta huku wakiiona.

Nyota 3. Ya 4 ingepatikana kama karatasi ingeandikwa neno moja tu: vuguvugu.