Vigingi, vibao na bamvua: nilivyohudumiwa na karakana ya mabango Tanga

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwenye haraka achukue hili aende zake: vibao vya tii, pale shimo la gofu linapoanzia kuchezwa, walivyotutengenezea uwanjani kwetu ningeviagiza tena kesho, ila vigingi vya rangi sivitaki kwao hata kwa nusu bei mpaka waachane na stika. Karakana iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulaumu, na mji wenyewe huu tunakutana msibani na harusini.

Nimo kwenye kamati ya uwanja mdogo wa gofu hapa Tanga. Una mashimo 9 yanayochezwa mara mbili ili yatimie 18. Upande mmoja ni nyumba za watu, upande wa pili mkono wa bahari wenye mikoko. Alama tulizokuwa nazo ni mabaki ya fleksi za mashindano, waja leo waondoka leo kweli kweli, pamoja na madebe yaliyopakwa chokaa. Mgeni akimaliza shimo la 4 alikuwa akienda kusimama kwenye tii ya 8 na kupiga mpira kuelekea kwa wenzake. Kibao chetu halisi kilikuwa kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Asiye na kedi alikuwa hana kibao.

Fundi wa kwanza tuliyemtafuta, wa mjini Dar, alituma bei kwa WhatsApp kabla hajauliza hata uwanja uko wapi. Huyu wa Ngamiani alikuja mwenyewe. Kijana mdogo kwangu, akanipa shikamoo yake, kisha akaomba jambo ambalo sikulitegemea: asitembezwe na kamati, atembezwe na kedi mkongwe na dereva wa trekta la kukatia nyasi. Gofu haijui, alisema hivyo bila haya. Lakini kila walipofika alikuwa anauliza swali lile lile: "Mzee, mtu akisimama hapa, ni kitu gani hakijui?" Akajibiwa, akaandika. Hapa hajui aende wapi. Hapa haoni grini, ile nyasi fupi yenye shimo lenyewe. Hapa anajua kila kitu, usiweke chochote. Tuliokuwa tumeandaa orodha ndefu ya mabango kwenye kikao tulikuta nusu yake imefutwa, na iliyobaki imehamishwa. Kama si mengine nitakayoyasema chini, kwa asubuhi ile peke yake ningempa nyota zote.

Michoro ya kwanza ya vibao vya tii, hata hivyo, ilichekesha. Nusu ya kibao ilikuwa picha ya mchezaji anayezungusha fimbo, imetolewa mtandaoni na kugeuzwa ili itazame upande unaopendeza. Kedi wetu akaiangalia, akasema, "Huyu bwana wenu mmemgeuza, sasa anapiga kushoto." Picha ikaondoka. Mahali pake tukataka ramani ya shimo kama inavyoonekana kutoka juu: linapinda wapi, mashimo ya mchanga yako upande gani, mikoko inaanzia wapi. Hicho ndicho mgeni anachokihitaji akiwa ameshika fimbo na hajui achague ipi.

Jambo jingine lililokosekana ni mzunguko wa pili. Kwenye uwanja wa mashimo 9, shimo la 1 ndilo la 10. Umbali hubadilika kwa sababu mzunguko wa pili unaanzia alama nyingine za tii, na namba ya ugumu nayo hubadilika, kwa kawaida witiri mzunguko mmoja na shufwa mzunguko wa pili. Kwa hiyo kila kibao kinabeba safu mbili za namba. Fundi alizitenganisha kwa rangi iliyo nyuma ya namba, nyeupe na samawati, zile zile za alama zilizoko chini kwenye tii. Mchezaji anatazama alama aliyosimama nyuma yake na kusoma safu ya rangi hiyo. Maelezo hayahitajiki. Kuhusu ukubwa wa herufi, alikuwa na kipimo chake cha kazi: herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za kusomea. Namba ya shimo ameifanya kubwa mno kuliko vyote, isomeke kutoka grini iliyotangulia. Wachezaji wetu wengi macho yalishaanza kudai miwani, na miwani wanaiacha kwenye gari.

Chuma tulikikataa tangu mwanzo. Hewa ya chumvi inakitafuna, na bati la alumini likilala nje linaweza kuamkia kwenye mzani wa skrepa. Tukachagua nguzo na mbao za mitiki kutoka Muheza, kwenye shamba la Longuza, herufi zichongwe kwa mashine halafu zijazwe rangi. Mvua za masika zimepita juu yake na hakuna herufi iliyobanduka, kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Anayetaka kuagiza aangalie jambo moja: kiini cha mtiki mchwa hawakiwezi, lakini ile nyama nyeupe ya nje wanaila kama mti mwingine wowote, na miti michanga ya kupunguziwa shambani ina nyama nyeupe nyingi. Nguzo zetu mbili zililetwa hivyo, tukazirudisha. Walizibadilisha bila maneno, na hata risiti ya mashine walitoa bila kuombwa.

Alama za umbali zilikuwa na kisa chake. Uwanja wetu unahesabu kwa yadi, kama viwanja vingi vya mkoloni wa Kiingereza vilivyorithiwa Afrika Mashariki, na kwenye oda tuliandika yadi. Vijana wa karakana wakaja na tepu ya mita, wakahesabu 150 na kuzika kisahani. Yadi 150 ni kama mita 137. Aliyeamini kisahani kile alichukua fimbo ya yadi 150 wakati grini iko yadi 164, mpira ukaishia mchangani, na lawama zikaenda kwa kedi. Walirudi wakapima upya kwa gharama yao, kutoka katikati ya grini, na kwenye ubao wa klabu tukaandika wazi kwamba ni katikati, kwa kuwa viwanja vingine hupima kutoka ukingo wa mbele.

Visahani vyenyewe ni vya saruji: chekundu yadi 100, cheupe 150, cha buluu 200. Vimelala usawa wa ardhi ili trekta lipite juu bila kuvunja kisu. Wazo zuri sana. Dereva wa trekta ndiye aliyelisimamia, akasema alama yoyote inayomlazimu kushuka kwenye kiti ataing'oa yeye mwenyewe siku ya kwanza. Ila upande wa chini, ardhi ilipolowa, viwili vilizama na nyasi zikavifunika. Fundi akaja akaweka kokoto chini yake. Ningekuwa naagiza upya ningetaka rangi ichanganywe ndani ya saruji yenyewe kuliko kupakwa juu.

Sasa vigingi, na hapa ndipo nyota zilipoondoka.

Kwa asiyecheza gofu, kigingi kinaonekana fimbo ya rangi tu. Kumbe rangi ndiyo hukumu. Kigingi cheupe ni mpaka wa uwanja: mpira ukivuka, unarudi ulikopigia, unapiga tena na kuongezewa mkwaju mmoja. Chekundu na cha njano ni maeneo ya adhabu. Kwenye chekundu, kwa mkwaju huo mmoja wa adhabu, unaruhusiwa pia kuangusha mpira pembeni, ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali ulipovukia. Kwenye cha njano nafasi hiyo ya pembeni huna. Tangu kanuni zilipofumuliwa mwaka 2019, kamati inaweza kuweka vigingi vyekundu hata mahali pasipo na maji. Kwetu sisi ilikuwa faraja, maana ule mkono wa bahari ulikuwa chanzo cha ubishi usiokwisha. Maji yakijaa, wote wanakubali ni bahari. Maji yakipwa, utamkuta mtu katikati ya mikoko, matope magotini, anadai yuko nchi kavu. Kanuni haimsaidii: eneo la adhabu ni eneo la adhabu, liwe na maji au likauke. Kinachotakiwa ni mstari unaoonekana, na mstari ni vigingi, kimoja hadi kingine, unaposimama kwenye kimoja uwe unakiona kinachofuata.

Wapi tuviweke? Fundi alitaka pale maji yalipofika siku ile aliyokuja. Kedi akamshika mkono, akampandisha juu hatua nyingi, akamwonyesha takataka zilizokauka kwenye nyasi, zilizoachwa na bamvua, yale maji makubwa ya bahari. "Bamvua inafika hapa, mwanangu. Ukiweka kule utavikuta Mwambani." Vikawekwa juu. Kila cheupe kimefungwa kwa zege, kwa kuwa kigingi cha mpaka hakiruhusiwi kung'olewa hata kikimzuia mtu kupiga. Kila chekundu kimechomekwa kwenye kipande cha bomba la plastiki kilichozikwa, mchezaji akitoe, apige, akirudishe, na dereva naye akate nyasi kwa nafasi. Bomba hizo zina dosari moja ambayo hakuna aliyeifikiria: kaa. Wanaingia humo, wanajaza mchanga, kigingi hakishuki tena. Tumeziba kwa vifuniko, tunaendelea.

Lakini rangi! Kwenye oda tuliandika rangi ya mafuta. Wakaleta vigingi vilivyovishwa stika, vinang'aa kweli, picha zake zilipendeza. Jua la Tanga halijui picha. Nyekundu ndiyo iliyotangulia kukimbia. Ikawa waridi, kisha waridi ya kufifia, na kwa mbali, jua la mchana likiwa kichwani, kigingi chekundu kikawa kinasomeka cheupe. Hiyo si kasoro ya urembo. Katika mashindano ya klabu mchezaji mmoja alihesabu yuko nje ya mpaka, akarudi nyuma kupiga upya, kumbe alikuwa na haki ya kuangusha mpira pale pale pembeni. Alishindwa kwa mkwaju mmoja. Hadi leo akinipita sokoni ananisalimia kwa jina la ukoo. Karakana walipoulizwa walisema stika ni ya nje na ina dhamana, lakini karatasi ya dhamana haikuonekana, na mwishowe wakajitolea kubandika nyingine ile ile. Tukashukuru, tukakataa.

Nimalize lawama zote kwa pamoja: kazi waliyoahidi kabla ya Ramadhani tulikabidhiwa baada ya Idi. Hilo sikushangaa, nilishangaa tu kwamba kila nilipopiga simu kazi ilikuwa "inakaukia rangi".

Kitu kilichonigusa kuliko vyote hakiwahusu wachezaji kabisa. Kuna njia ya miguu inakata shimo la 6 kwenda pwani, ya zamani kuliko uwanja pengine. Kina mama wa samaki wanaipita, watoto wa shule wanaipita. Pale palikuwa na bango la Kiingereza linalotahadharisha mipira, limeelekezwa kwa wachezaji, yaani wale wenye fimbo ndio wanaoambiwa wajihadhari. Fundi aliuliza swali lake lile lile, kisha akachora vibao vinne. Viwili vinamtazama mpita njia, kimoja kila upande, kwa Kiswahili kikubwa na mchoro wa mtu amesimama: "Simama. Tazama kushoto na kulia. Wakipiga, subiri." Viwili vinamtazama mpigaji: "Njia ya watu. Waache wapite kwanza." Alitaka kimoja akipigilie kwenye mbuyu ulioko pale kwenye kona, maana hapo ndipo macho yanapofika. Kedi akasema mbuyu ule haupigiliwi msumari, na hakueleza sababu. Hakuna aliyemuuliza. Kikawekewa nguzo yake kando, na kamba ya katani imefungwa toka nguzo hadi nguzo kuonyesha pa kuvukia. Kamba ya katani ikilowa sana inaoza, lakini kwa mji huu kuipata nyingine si kazi.

Siku hizi watoto wanasimama pale. Wengine wanasimama muda mrefu kuliko inavyohitajika, wanaangalia mchezo, na mmoja wao ameshaanza kumbebea mfuko mjumbe mwenzangu siku za Jumamosi.

Ukienda kwao, basi, nenda kwa vibao vya mbao na kwa ule uchunguzi wa uwanjani, na uulipie hata kama wanautoa bure. Oda iandike aina ya rangi, kiini cha mti, kipimo cha yadi au mita, na nani atarudi masika yakipita. Malipo wanataka nusu mwanzoni, nusu kazi ikikabidhiwa, na hiyo nusu ya pili usiharakishe kuitoa.

Vigingi vyetu sasa viko kwa seremala wa Makorora. Amekwangua stika zote, akapaka praima na rangi ya mafuta kwa brashi, mara mbili. Kopo la nyekundu lililobaki lipo chini ya kiti cha trekta, na dereva ana brashi yake.