Kichwa cha Lincoln cha bronzi, nyota nne
Jamani huyu mchongaji anajua. Niliagiza kichwa cha Abraham Lincoln na hakukisia kwa picha tu, alifuata ile plasta aliyopakwa Lincoln mwenyewe usoni mwaka 1860 ili kunakili sura yake, kabla hajafuga ndevu, so mashavu yamebonyea vilevile na chunjua ya shavu la kulia ipo, ukipitisha kidole unaisikia kabisa. Ila kusubiri sasa! Kwanza sura ya udongo, halafu moldi yake, halafu nakala ya nta, halafu ganda gumu la kuizunguka nta, ndo bronzi imiminwe ikiwa na joto la digrii 1000 na ushee, hilo naelewa, lakini aliahidi miezi mitatu ikawa mitano na simu hapokei. Halafu nyuma ya sikio rangi imekolea mpaka nyeusi tii, nadhani alizidisha moto wakati wa kupaka dawa ya kuipa bronzi rangi.