Uzoefu wangu na mfalme Nabonidus, London: ziara ya kulipia na chumba cha bure

Niseme mapema ili mwenye haraka apate jibu lake. Ziara ya kuongozwa, niliyoilipia pauni 28 kwa kila kichwa, naipa nyota mbili kati ya tano. Chumba chenyewe, yaani chumba cha 55 ndani ya British Museum, ambacho unaingia bila kulipa, nakipa tano zote. Maelezo ni marefu kidogo kwa sababu jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu.

Nafundisha somo la Biblia kwa Kiswahili siku za Jumapili, na sura ya tano ya kitabu cha Danieli imenisumbua kwa miaka. Karamu, vyombo vya hekalu, vidole vinavyoandika ukutani, "Mene, mene, tekeli, na peresi". Wanafunzi wangu wakubwa huuliza swali lilelile: huyu Belshaza ni nani? Orodha za wafalme wa Babeli hazina mfalme wa jina hilo. Mfalme wa mwisho kabla Waajemi hawajaingia anaitwa Nabonidus, aliyetawala kuanzia 556 hadi 539 KK. Kwa hiyo Mama alipokuja kutoka Dodoma kututembelea, nikasema tutakwenda wote wawili, tukaone kwa macho yetu kilichobaki cha utawala ule.

Ziara za namna hii zinauzwa mtandaoni kama ziara za Biblia. Kampuni niliyoichagua sitaitaja, na kijana aliyetuongoza alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Lakini tulikuwa watu 22 kwa saa mbili, kila mmoja na kisikilizio sikioni, na ilikuwa mbio tupu. Sehemu kubwa ya muda iliishia chini kwa Waashuru: mawe ya mfalme wao Senakeribu yanayoonyesha kuzingirwa kwa Lakishi, mji wa Yuda, na lile jiwe jeusi linaloonyesha Yehu, mfalme wa Israeli, akisujudu. Ni vitu vizito, sikatai. Ila Mama ana miaka 78 na magoti yake hayataki ngazi za haraka, na tulipofika juu, chumba cha 55, zilibaki kama dakika kumi.

Pale kijana akanyoosha kidole kwenye silinda ndogo ya udongo akasema, "Hapa pameandikwa Belshaza, mfalme wa Babeli." Watu wakapiga picha, wakashukuru, tukaondoka.

Hapo ndipo nyota tatu zilipopotea. Udongo ule hausemi hivyo. Nilikuwa nimeusoma kwa miezi, neno kwa neno, na niliumia kuona watu 22 wakirudi nyumbani na maneno ambayo mwandishi wa kale hakuyaandika, wakati aliyoyaandika yana uzito kuliko hayo.

Tukarudi Ijumaa, mimi na Mama tu. Ijumaa pale wanafunga saa mbili na nusu usiku, wakati siku nyingine ni saa kumi na moja jioni, na vyumba vya juu jioni hiyo vilikuwa vimetulia. Tulikwenda polepole.

Tulianza na jiwe la basalti, yaani jiwe gumu la volkano, namba 90837 katika orodha ya makumbusho. Si kubwa, lina sentimita 58 kwenda juu. Mfalme amesimama kwa ubavu, kofia yake imechongoka, mkononi ana fimbo ndefu, na mkono mwingine ameuinua kuomba. Mbele ya uso wake zipo alama tatu: mwezi mwandamo, jua, na nyota ya Ishtar, mungu wa kike. Mwezi ndio ulio karibu naye kuliko vyote, na mpangilio huo peke yake unakueleza habari nusu ya utawala wake. Babeli ilikuwa mji wa mungu Marduk. Nabonidus moyo wake ulikuwa kwa Sin, mungu wa mwezi, ambaye makao yake makubwa yalikuwa Uru, kusini mwa Iraki ya leo, na Harani, kusini mwa Uturuki ya leo. Mama akanishika mkono: "Si ndiko alikotoka Ibrahimu?" Ndiko hasa. Tera aliihama Uru ya Wakaldayo, akaishia Harani. Miji ileile miwili.

Maandishi ya jiwe hilo yamelika sana. Panaposomeka yanataja neema baada ya shida, na bei za vyakula kwa shekeli ya fedha: shayiri, tende, ufuta. Mama aliposikia tende na ufuta alikaribia kioo kama mtu aliyefika gengeni. Huo ndio muda ambao ziara ya mbio haiwezi kukupa.

Sasa silinda. Ziko nne zinazofanana, zilizokutwa mwaka 1854 na J. E. Taylor kwenye pembe nne za zigurati ya Uru, ule mnara wa ngazi wa hekalu la Sin. Tuliyosimama mbele yake ni namba 91125. Haizidi urefu wa kiganja changu, rangi ya tofali lililochomwa, imejaa maandishi ya kikabari, yale ya alama za kugandamizwa kwenye udongo mbichi, ambayo mistari yake imebanana kama mishono ya cherehani. Nabonidus anaeleza jinsi alivyoukarabati mnara ulioachwa na wafalme wa zamani, kisha anaomba. Anaomba asimkosee mungu wake, apewe maisha marefu. Halafu anamtaja Bel-shar-usur, mwanawe wa kwanza, uzao wa moyo wake, na kuomba kwamba hofu ya mungu iwekwe ndani ya moyo wa kijana huyo, asije akatenda dhambi.

Bel-shar-usur ndiye Belshaza wetu. Silinda haimwiti mfalme. Inamwita mtoto wa kwanza, na baba yake anamwombea asitende dhambi. Nilimsomea Mama maneno hayo kwa Kiswahili changu mwenyewe nikitafsiri kwenye simu, na nilipofika kwenye "asitende dhambi" sauti ilinikwama, maana sura ya tano inaishia Belshaza akiuawa usiku uleule.

Kabla ya hizo silinda kusomwa katikati ya karne ya 19, wako waliosema Belshaza ni mtu wa kubuni. Udongo ukajibu kwamba alikuwepo. Lakini lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu: Danieli anamwita mfalme na kumtaja Nebukadneza kuwa baba yake, wakati kumbukumbu za Babeli zinasema baba yake ni Nabonidus, na cheo cha mfalme hazimpi popote. Zinachosema ni kwamba mfalme alipoondoka, mtoto wake ndiye alibaki na jeshi na nchi. Ipo hata mikataba ya kawaida ya watu ambayo kiapo chake kimeapwa kwa jina la Nabonidus na la Belshaza pamoja. Mimi nikisoma kwamba Danieli alifanywa "mtu wa tatu katika ufalme", naona nafasi ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshikwa. Kijana wa ziara angeweza kusema hilo kwa sentensi mbili, na kundi zima lingeondoka na kitu cha kweli.

Mfalme alikwenda wapi? Hapa inabidi utoe simu, maana kibao chenyewe ni kidogo na kimevunjika, na hata ukikiona hutakisoma. Ni namba 35382, kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za utawala wake. Mwaka wa saba, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, mwandishi anarudia maneno yaleyale: mfalme yuko Tema, mwana wa mfalme, wakuu na jeshi wako Akadi, yaani nchi ya Babeli, mfalme hakuja Babeli mwezi wa Nisani, wa kwanza wa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya haikufanyika. Hakuna lawama iliyoandikwa, lakini ukiyasoma mara nne mfululizo unasikia mji mzima ukimngoja mtu asiyekuja.

Tema ni oasisi ya Tayma, kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia ya leo. Miaka kumi alikaa huko. Na kuna jambo ambalo ndugu zangu Waislamu wa pwani nililipowasimulia walishangaa kama nilivyoshangaa mimi. Katika jiwe lake la Harani, Nabonidus anataja miji ya Arabia aliyoizunguka, na wa mwisho katika orodha ni Yatribu. Ndiyo Yathrib, Madina ya baadaye, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Hijra. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1956 ndani ya magofu ya msikiti mkuu wa Harani. Lilikuwa limetumika kama jiwe la kukanyagia mlangoni, upande wenye maandishi ukiwa chini, kwa hiyo nyayo za karne zote hizo hazikuufuta.

Kwenye jiwe hilohilo anasema yeye ni mtoto wa pekee asiye na mtu, ambaye moyoni hakuwa na wazo la ufalme. Mimi naamini alimaanisha. Hakuwa wa ukoo wa Nebukadneza, na aliingia baada ya mfalme kijana, Labashi-Marduk, kuuawa.

Kitu ambacho Mama alikipenda kuliko vyote hakiko London kabisa. Kiko kwenye mradi wa Oracc, ambako maandishi ya wafalme wa Babeli yamewekwa bure mtandaoni, yakiwa na tafsiri ya Kiingereza. Tulikaa kwenye benchi nikamsomea jiwe la Adad-guppi, mama mzazi wa Nabonidus. Hekalu la Sin la Harani lilipobomolewa mwaka 610 KK, mama huyu anasema aliacha nguo nzuri, dhahabu na manukato, akavaa nguo iliyochanika, akawa anatoka na kuingia bila sauti, akiomba siku moja mungu wake arudi. Jiwe linasema alifikisha miaka 104. Wataalamu wakijumlisha miaka ya wafalme anaowataja wanapata 102. Na mwishoni anajisifia uzee wake: macho yanaona, masikio yanasikia vizuri, mikono na miguu ni mizima, chakula na kinywaji vinamkubali.

Mama alicheka kwa furaha, akajipapasa magoti. "Huyo ni mama kweli," akasema. "Nisomee tena hapo kwenye miguu."

Nikamsomea tena. Kile kibao cha kumbukumbu kinaandika pia kifo chake, mwaka wa tisa wa mwanawe, na kwamba mwana wa mfalme na askari walilia siku tatu. Yaani Belshaza alimlilia bibi yake. Mfalme mwenyewe alikuwa Tema.

Baadaye tulivuka hadi chumba cha 52 kuiona silinda ya Koreshi, mfalme wa Waajemi aliyeitwaa Babeli, namba 90920, iliyopatikana Babeli mwaka 1879. Hiyo ina watu wengi zaidi na sitaisemea sana, kwa sababu tayari inasemewa mno. Ila nashauri uifikie mwisho, ukishamsikia Nabonidus mwenyewe. Ndani yake Marduk amemkasirikia mfalme wa Babeli na kumtia mikononi mwa Koreshi. Shairi lingine la wakati huohuo linamkejeli kwamba alijitapa kuyajua mambo ya siri ilhali hakujua hata kuandika. Mshindi ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Kibao cha kumbukumbu kimetulia zaidi: Oktoba 539 KK mji wa Sipari ulitwaliwa bila vita, Nabonidus akakimbia, siku mbili baadaye jeshi likaingia Babeli bila vita, na mfalme akakamatwa. Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika karne kadhaa baadaye, anasema Koreshi hakumuua bali alimpa makao Karmania, mbali huko Uajemi.

Kwa anayetaka kwenda: usilipe mtu. Nenda Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni, panda moja kwa moja hadi chumba cha 55, waache Waashuru wa chini kwa siku nyingine. Andaa simu yenye chaji, kwa sababu kibandiko cha kwenye kabati ni kifupi na utahitaji kusoma maandishi yenyewe; kwenye tovuti ya makumbusho ukiandika namba ya kitu, kinatokea na picha zake. Ukiwa na mzee, mwanzishie kwenye lile jiwe la basalti, picha inaeleweka bila kusoma. Saa tatu zilitutosha kwa mfalme mmoja, na hatukuchoka.

Tulitoka saa mbili na robo. Kwenye basi Mama alitoa Biblia yake kwenye mkoba, akanitaka nimwandikie namba kwenye ukurasa wa nyuma ili akawaonyeshe wenzake Dodoma. Nikaandika tatu: 90837, 91125, 90920. Akaiangalia ya katikati, akauliza, "Hii ndiyo ya baba anayemwombea mtoto?" Nikamwambia ndiyo. Akaichukua kalamu akaipigia mstari mwenyewe.