Simu ya ofisi mezani kwangu Uyole: uzoefu wangu

Nahudumia wakulima kwa simu, katika kampuni ya pembejeo yenye makao makuu Dar es Salaam. Tangu Januari nafanyia kazi nyumbani, hapa Uyole. VPN ya kampuni, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, inaniingiza kwenye mafaili ya ofisini, na programu ya simu kwenye laptopu inabeba ekstensheni yangu ileile, yaani namba yangu ya ndani ya ofisi. Mkulima wa Mbozi akipiga namba ya ofisi, inaita mezani kwangu.

VPN yenyewe sina lawama nayo. Naweka neno la siri, kisha tarakimu sita zinazokuja kwenye simu ya mkononi, nimeingia. Mtandao ukilegea, faili linachelewa kufunguka, nasubiri.

Simu haisubiri. Miezi miwili ya kwanza sauti ilikuwa inamezwa vipandevipande, na Kiswahili chetu kinabeba katazo lote kwenye silabi mbili za kwanza. Namwambia mtu "usipige dawa leo", yeye anasikia "pige dawa leo". Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo nipige leo hii?" Siku hiyo nilishikwa na hofu ya kweli, maana shamba ni chakula cha watoto wa mtu.

Nikadhani bando ni dogo, nikanunua kubwa zaidi. Hela ikaenda, sauti ikabaki vilevile. Kumbe simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, inakula kama kilobiti 87 tu kwa sekunde kila upande, kabla ya mzigo wa VPN. Tatizo lilikuwa kwamba VPN yetu ilipita kwenye TCP, utaratibu wa kusafirisha data unaohakikisha kila kipande kimefika: pakiti (kipande cha data) moja ikipotea, zilizo nyuma yake zinasimama mpaka ile itumwe upya. Faili linahitaji uangalifu huo. Kwenye maongezi, kipande kilichochelewa afadhali kipotee, mengine yaendelee. Kijana wetu wa TEHAMA akaihamishia kwenye UDP, utaratibu usiosubiri kilichopotea, nami nikaachana na waifai, nikachomeka kebo kwenye ruta. Kebo hiyo ndiyo ningeanza nayo, kabla ya bando lolote.

Kabla ya hapo tulijaribu kuitoa simu nje ya VPN. Iliita vizuri, nikapokea, mkulima ananisikia, mimi simsikii. Tukairudisha ndani siku hiyohiyo.

Natoa nyota nne. Ya tano inazuiwa na umeme: laptopu ina betri, ruta haina, ikizimika simu inakatika katikati ya neno. Nimenunua UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, ndogo kwa ajili ya ruta peke yake. Ukitaka kufanya kazi hii huku kwetu, ihesabu kwenye gharama zako.

Juzi mama mmoja wa Umalila alipiga, viazi vyake vimeshikwa na ukungu. Tulirudia vipimo vya dawa, maji lita ngapi, siku zipi asipige. Mwishoni akanisomea yote alivyoandika, hakukosea hata kimoja. "Haya mwanangu," akasema, "naenda shamba."