Siku tatu Angkor kwa tiketi ya dola 62: anza na mahekalu ya wazazi

Tiketi ya siku tatu ya Angkor, eneo la mahekalu ya kale kule Kambodia, niliinunua kwa nia moja: kumkumbuka marehemu shangazi, mtu wa safari. Kwa nia hiyo pesa yake inarudi, na naipa nyota nne kati ya tano. Isiyofaa ni ratiba ya kawaida ya hotelini: Angkor Wat alfajiri, Bayon, Ta Prohm, kwisha. Pale Angkor kuna mahekalu ambayo wafalme waliyajenga mahsusi kwa ajili ya mama, baba, bibi na babu zao, na mengi yake ratiba hiyo haiyagusi kabisa.

Kwanza tiketi yenyewe. Siku moja ni dola 37, siku tatu 62, siku saba 72, na dola 2 kati ya hizo huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha. Ya siku tatu unaweza kuitumia ndani ya siku 10, si lazima mfululizo, kwa hiyo weka siku ya kupumzika katikati. Joto la kule halina mzaha. Dirishani wanakupiga picha na inachapwa juu ya tiketi, hivyo haiazimishwi wala hairithiwi. Anayekuuzia tiketi "iliyobakiza siku" anakula pesa yako bure. Mtoto wa chini ya miaka 12 halipi, ila beba pasipoti yake. Kosa linalowapata wengi ni kwenda moja kwa moja hadi Angkor Wat na baiskeli, gizani, wakidhani tiketi inauzwa mlangoni. Haiuzwi pale. Ofisi iko peke yake, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Siem Reap, na utarudishwa huko huku jua linachomoza bila wewe.

Dawa yake ni kununua jioni, kuanzia saa 11. Tiketi inaanza kuhesabiwa kesho yake, lakini jioni hiyo unaruhusiwa kuingia. Angkor Wat inafungwa saa 11:30, basi nenda Pre Rup, hekalu la mwaka 961, linalobaki wazi hadi saa 1 usiku. Ngazi zake ni za kupanda kwa mikono na magoti, na kushuka ndiko kugumu zaidi: shuka kiubavu, usiwe na kitu mkononi. Karibu yake iko Mebon ya Mashariki, ambayo Mfalme Rajendravarman aliizindua mwaka 953 kwa ajili ya wazazi wake. Hiyo iachie siku nyingine, mchana.

Siku ya kwanza rasmi ningempeleka mtu Roluos, kilomita 13 hivi mashariki ya mji. Preah Ko ni minara sita ya matofali iliyowekwa wakfu mwaka 879 na Mfalme Indravarman wa Kwanza. Ya mbele mitatu ni ya wanaume wa ukoo, mmoja ukiwa wa baba yake na mwingine wa babu yake. Ya nyuma ni ya wake zao. Mwanawe, Yasovarman, akajenga Lolei mwaka 893 kwenye kisiwa katikati ya bwawa kubwa, kwa ajili ya wahenga wake pia. Maji yamekauka zamani, sasa unapita mashamba hadi mlangoni. Lolei ndiyo niliyoiona inafaa kuliko zote kwa kumbukumbu, kwa sababu uani kuna nyumba ya watawa inayofanya kazi hadi leo. Kama unataka kutoa kitu kwa jina la marehemu, wape watawa hapo. Usiegemeze picha kwenye matofali, wala usiwashe mshumaa kwenye mawe ya kale: mafuta na moshi vinakula nakshi, na walinzi watakuondoa. Kumwaga majivu ya marehemu usikufikirie kabisa.

Siku ya pili, Ta Prohm na Preah Khan. Ta Prohm, mwaka 1186, Mfalme Jayavarman wa Saba aliijenga akaweka sanamu ya mungu wa kike wa hekima yenye sura ya mama yake. Miaka mitano baadaye, Preah Khan, kwa baba yake. Ta Prohm inafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Uwe mlangoni saa hiyo hiyo, maana mabasi yakishafika, foleni ya kupiga picha kwenye mizizi ya miti iliyoota juu ya kuta inaziba njia zote. Muulize mlinzi mnara wa mwangwi. Unasimama umeegemeza mgongo ukutani, unajipiga kifua kwa ngumi, na mnara mzima unaitikia. Ukipiga kelele hauitiki. Kwetu kujipiga kifua ni majigambo. Humo ndani si hivyo hata kidogo.

Preah Khan ni ndefu, tenga saa mbili. Kubaliana na dereva wa bajaji akushushe lango moja na akuchukue lingine, la sivyo utarudi njia ile ile ukiwa hoi. Ukielekea katikati milango inazidi kuwa midogo, unajikuta umeinama. Jiwe la maandishi la hekalu hili linataja nyumba 121 za mapumziko zilizojengwa kando ya barabara za ufalme kwa ajili ya wasafiri. Kwa mtu aliyekwenda kumkumbuka msafiri, hilo tu linatosha kulipia siku nzima. Lakini vibao vya maelezo ni vichache na havisemi mengi kuhusu nani alijengewa nini. Ndiyo nyota niliyoikata. Ajiri kiongozi mwenye leseni, au soma kabla ya kwenda.

Angkor Wat niliiweka ya mwisho. Inatazama magharibi, na michoro ya ukutani unaifuata kinyume cha mwendo wa saa, kama zilivyo ibada za mazishi za Kihindu. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaiona kuwa pia hekalu la maziko ya Suryavarman wa Pili, mfalme aliyeijenga. Ubani unachomwa kwenye lango la magharibi, mbele ya sanamu ya Vishnu, mungu wa Kihindu, yenye mikono minane. Pale inaruhusiwa, na vijiti vinauzwa hapo hapo. Kupanda ghorofa ya juu kabisa lazima mabega na magoti yafunikwe. Kanga uliyojitupia mabegani mara nyingi hawaikubali, vaa shati la mikono. Siku takatifu za Kibudha hapafunguliwi, uliza kabla.

Madogo madogo: noti za dola ziwe safi, iliyochanika hata kidogo inakataliwa, na chenji utapewa kwa riel, sarafu ya kule, kama 4,000 kwa dola moja. Bajaji ya siku nzima ni dola 15 hadi 25 kutegemea umbali. Roluos taja mapema. Maji lita mbili kwa mtu. Kutoka kwetu beba kadi ya njano ya chanjo. Novemba hadi Februari ni pakavu na pana nafuu. Aprili joto linatesa. Ukipata nafasi ya Septemba au Oktoba, mvua itakulowesha, lakini utaikuta Pchum Ben, siku 15 ambazo Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, huwapelekea wahenga wao matonge ya wali kwenye mahekalu ya Kibudha, alfajiri kabla jua halijatoka. Siku za mwisho za sikukuu hiyo mji wote husafiri kwenda vijijini, kwa hiyo dereva mwekee miadi mapema.