Nimefanya test ya O*NET ya kujua ni kazi gani ungependa kufanya mara tatu, haya ndio maoni yangu (nyota 4 kwa 5)

Mimi niko Industrial Area, Nairobi, kampuni ya vifaa vya mabomba, miaka tisa upande wa akaunti. Sijawahi kufutwa, mshahara huingia, na bado kila Jumapili jioni nikianza kupiga pasi nguo za wiki tumbo inajikunja. Kwanza nilidhani ni bosi, bosi akabadilishwa, tumbo ikabaki. Nikadhani ni pesa, nikaongezwa kidogo, nikakaa sawa kama miezi miwili alafu ikarudi palepale. Sasa kuna Jumapili moja Umoja mvua inanyesha stima imepotea, mtoto wa dadangu amemaliza form four alikua kwangu anahangaika na kozi za KUCCPS, wale wa serikali wanaopangia watoto vyuo, kwa simu, akaniuliza tu hivi, "Anti, wewe ulijuaje unataka kua mhasibu?" Nikakosa jibu. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujua, pointi zilitosha, mzee akasema hesabu ina kazi, ikaisha hapo.

Hio usiku ndio tuliifungua hii kitu, juu mwalimu wao wa ushauri shuleni aliwahi kuwatajia. Inaitwa O*NET Interest Profiler, iko kwa tovuti ya My Next Move, ni ya wizara ya kazi ya Marekani. Ni bure kabisa, haikuitishi akaunti wala namba ya simu wala kadi, na bando ndogo ya saa moja inatosha na inabaki. Unapewa maswali 60 na kila swali ni kitu mtu hufanya kazini, unachagua kati ya sura tano, kutoka ile imekunja uso kabisa mpaka ile inacheka. Kujenga kabati za jikoni, ungependa? Kupanga matofali ama tailsi? Kutengeneza dawa mpya? Kucheza ala ya muziki? Kusaidia mtu mwenye shida za moyoni? Kukagua fomu kama zina makosa? Hivo mpaka mwisho, kama dakika kumi na tano ukiwa huna haraka.

Na wanakuambia kabla uanze, usifikirie kama umesomea hio kitu, usifikirie inalipa ngapi, fikiria tu kama ungependa kuifanya. Hapo ndio mimi nilishindwa mara ya kwanza na nataka niseme venye nilishindwa juu naona watu wengi wa hapa kwetu watashindwa vilevile. Nilisoma "kujenga kabati za jikoni" na kichwa haikuona mbao, iliona wale mafundi wa fanicha wa Ngong Road wakinyeshewa wakingojea mteja amalize balansi, nikabonyeza sura ya kukataa. Nikasoma "kupanga matofali" nikaona mjengo, vumbi, kulipwa kwa siku, nikakataa. Nikafika kwa kununua na kuuza hisa nikaona mtu amevaa suti Upper Hill, nikacheka na hio sura nikabonyeza, na mimi sijawahi hata siku moja kutaka kukaa nikiangalia hisa zikipanda na kushuka! Matokeo yakatoka yote yako katikati, kila herufi imekaribiana na ingine, haisemi kitu. Kijana akaniambia "Anti umejibu ya watu." Na alikua sawa.

Siku tatu baadaye nikairudia peke yangu, mlango umefungwa, na kila swali nikajiuliza mikono yangu ingekua inafanya nini saa nne asubuhi. Siyo cheo, siyo mshahara, saa nne asubuhi niko wapi, nimeshika nini, naongea na nani. Ikatoka tofauti kabisa. Wanapima makundi sita, kila moja ina maswali kumi na alama ya juu ni 40. R ni kazi za mikono, vifaa, mashine, kua nje. I ni kuchunguza na kutafuta sababu. A ni sanaa na kubuni. S ni kusaidia na kufundisha watu. E ni kuuza, kuongoza, kushawishi. C ni faili, hesabu za rekodi, mpangilio, taratibu. Mimi S ikatoka 33, R 30, na C, yenye ndio kazi nafanya kutoka asubuhi mpaka jioni kwa miaka tisa, ikatoka 12.

Nilikaa na hio 12 kwa mkono kwa muda. Sikulia lakini ilikua karibu.

Haya makundi sita si ya juzi, yalitoka kwa mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa John Holland, aliyaandika mara ya kwanza 1959, na kabla ya hapo wakati wa vita vya pili alikua anafanya kazi ya kuhoji wanajeshi wapya, ndio akaanza kuona watu wanajipanga kwa mafungu yanayofanana. Mwaka huohuo wa 1959 kuna mwingine, Frederick Herzberg na wenzake, walitoa utafiti wa wahandisi na wahasibu zaidi ya 200 kule Pittsburgh, waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini na lini walijisikia vibaya sana. Kilichotoka ni kwamba mshahara, masharti ya ofisi na msimamizi vikiwa vibaya vinakukasirisha, lakini vikitengenezwa vinakuondolea tu hasira, havikupi furaha. Furaha ilikua inatoka kwa kazi yenyewe, kumaliza kitu ukakiona, kutambuliwa, kupewa jukumu. Najua kuna wasomi walipinga baadaye venye aliuliza maswali. Mimi najua tu kwamba nilisoma hio habari ya wahasibu wa Pittsburgh nikaona ile nyongeza yangu ya miezi miwili.

Baada ya alama unaulizwa uko tayari kusoma ama kujiandaa kiasi gani, wana ngazi tano, ya kwanza ni kazi zenye hazihitaji maandalizi mengi na ya tano ni ya kusoma miaka mingi, alafu unapewa orodha ya kazi zinazofanana na herufi zako. Hapa ndio test inapata nyota zake zote. Ukibonyeza kazi haikupi sifa, inakupa orodha ya vitu huyo mtu hufanya kila siku, vifaa anashika, anahitaji kujua nini, na iko na kazi zaidi ya 900 hapo ndani. Mimi nilifungua ile ya kufundisha mtu aliyepata ajali ama stroki kushika kijiko na kufunga vifungo tena, occupational therapy, nikasoma mpaka saa saba usiku. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wanaifundisha na kampasi yao ya Nairobi iko hapo kando ya hospitali ya Kenyatta, nimepita hapo mara ngapi sijui nikiwa kwa mat na sikuwahi kujiuliza watoto wa uniform wanasomea nini.

Kijana naye, yeye amepata B plain na alikua ameweka actuarial science namba moja juu kila mtu amemwambia ina pesa. Alama zake zikatoka I juu kabisa, R inafuata, C chini. Tukafungua ukurasa wa hio kazi pamoja tukasoma polepole, kukadiria hatari, takwimu za vifo na ajali, bei ya bima, mahesabu ya pensheni, ripoti. Akanyamaza. Akasema yeye alidhani ni hesabu za pesa. Alafu akafungua za maabara, kuchunguza sampuli, kuangalia chini ya darubini, na huyo mtoto ndiye akiwa mdogo alikua anaweka panzi kwa chupa aone watakaa siku ngapi, sasa sijui tulikua tunangoja ishara gani ingine. Saa hii maabara iko namba moja na actuarial imeshuka namba tatu. Dadangu hajafurahi bado na ananilaumu mimi, tutaongea, hio ni mambo ya nyumbani.

Sasa ile nyota imekatwa. Hii kitu ni ya Marekani na inaonyesha. Mishahara yote ni ya dola na ni ya huko, ukiiangalia na ukaanza kuzidisha kwa shilingi utajiumiza bure. Kuna alama wanaweka kwa kazi zinazotarajiwa kuongezeka, tafadhali msiichukue kama habari ya Nairobi, ni ajira za Marekani wanaongelea. Biashara ya mitumba venye watu wa Gikomba wanaijua, jua kali ya Kamukunji, hizo hazimo venye sisi tunazifanya, na hizo ndio zinalisha nusu ya ploti yetu. Maswali ni ya Kiingereza, iko pia ya Kihispania, Kiswahili hakuna, kwa hivyo mama yangu nilimsomea moja moja nikimtafsiria, na alifurahia sana lakini hio ni kazi. Na haijui chochote kuhusu cluster. KUCCPS wanakupima kwa masomo manne ya hio kozi kwa jumla ya pointi 48, na hio test inaweza kukuambia wewe ni mtu wa maabara wakati biology yako ni D. Kwa hivyo fungua zote mbili, hii ikuonyeshe unapenda kufanya nini na ile ikuonyeshe mlango gani uko wazi. Kama mlango wa digrii umefungwa angalia diploma ya kitu hichohicho kabla ukimbilie digrii ya kitu ingine. Mimi hakuna mtu aliniambia hivo.

Wazazi wenye watoto wanaelekea Grade 10 pia nawaomba muijaribu, juu saa hii mtoto anachagua njia mapema kuliko sisi, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii ama sanaa na michezo, na nimesikia wazazi kwa stage wakisema STEM ndio ya watoto werevu. Mkae naye, msimjibie. Hilo la mwisho nalisema kwa nguvu.

Na wewe wa kazini, usifanye hii test usiku alafu asubuhi uandike barua ya kuacha kazi. Kwanza kisheria kama unalipwa kwa mwezi unadaiwa notisi ya siku 28 au zaidi kama mkataba unasema, na pili kodi haijui herufi zako. Mimi sikuacha. Nilienda kwa bosi na karatasi nimeprinti kwa saiba, nikamwambia naomba kuhamia stoo na dispachi kukitokea nafasi. Aliniangalia venye mtu huangalia mwenye ameomba kushushwa cheo. Nafasi ilitokea baada ya wiki saba hivi. Mshahara ni uleule, ofisi ya AC sina tena, saa nne asubuhi nimevaa buti nahesabu valvu na kufundisha vijana wapya kutofautisha nusu inchi na robo tatu bila kuangalia stika. Nikifika nyumbani miguu inauma, lakini pasi ya Jumapili napiga redio ikiwa juu.

KMTC bado naiwaza, nimeuliza kuhusu masomo na karo, miaka mitatu si mchezo kwa mtu ana watoto wawili. Sijaamua.

Kwa wenye watajaribu, fanya ukiwa peke yako, usifanye kwa mat ama ukiwa na mtu anachungulia, soma kila swali ukiwaza mikono yako, na rudia baada ya siku chache uone kama herufi zako za juu mbili zinabaki. Zangu nimerudia tena wiki iliyopita, zimebaki. Na kama kuna mtu hapa ana S na R na anafanya kazi anaipenda hapa Nairobi, tafadhali niandikie ni kazi gani na siku yako inakaaje, nataka kusikia.