Mtoto akilia: mbeleko au katuni ya simu?

Mama yuko jikoni, kichanga kinalia, na dada mtu wa miaka 9 ndiye aliyeachiwa. Ambebe mdogo wake au amwekee katuni?

Kwa gharama, mbeleko haina mpinzani: kanga moja, ikichafuka inafuliwa. Katuni inakula bando na chaji, na simu ikiponyoka kioo kinapasuka.

Mjadala wenyewe uko kwenye uhakika. Katuni hunyamazisha papo hapo, ila zima simu uone kilio kitakavyorudi. Na kama ni njaa au nepi imelowa, picha hazisaidii kitu. Mbeleko huchukua muda. Binti yangu huzunguka uani akiimba kwa sauti ya chini, akimpigapiga mdogo wake makalioni, mpaka kichwa kinalala upande na mate yanamlowesha begani. Hapo najua amesinzia kweli.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haushauri skrini kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Kwa hiyo katuni naiona ikimfaa zaidi dada mwenyewe: kipindi kinachoonyesha jinsi ya kumtuliza mdogo wake, akitazame mapema, kabla kilio hakijaanza.

Kama mbebaji bado mdogo, au shingo ya kichanga haijakaza, mbeleko iwekwe kando. Dada akae mkekani ampakate. Mtoto wa miaka 3 aliyechoka safarini kwenye basi, katuni fupi inamtosha.